Je, Mwenye Damu Mikononi Apewe Chakula?

Katika matendo ya huruma tuliyofundishwa tangu katekisimu, kumpokea mgeni ni tendo tulikubalilo upesi kwa mdomo, kisha tukalionea shaka mgeni afikapo mlangoni. Swali moja huulizwa mapadre mara nyingi: ikiwa miongoni mwa wakimbizi wamo wauaji, je, Mkristu afanya dhambi akiwapa unga?

Swali hili si la kubuni. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia Ngara. Wengi wao walikuwa akina mama, wazee na watoto. Lakini walikuwamo pia wakubwa walioamrisha Watutsi wachinjwe, nao hata kambini Benaco waliendelea kuwa wakubwa. Chakula kikigawiwa kwa mikono yao, hesabu ya majina ilizidishwa na ziada ikabaki kwao.

Hapo watu wenye nia njema waligawanyika. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliziacha kambi mwishoni mwa 1994, kwa kuwa misaada ilikuwa ikiwatia nguvu wauaji. Mimi siwalaumu. Wengine walibaki, kwa maana mtoto anayeharisha hawezi kungoja mpaka baba yake ahukumiwe.

Basi yafaa tupambanue. Chakula ni haki ya mwenye njaa, wala hatumwulizi kwanza dini yake, kabila lake au mwenendo wake. Bali kugawa chakula si haki ya kila mtu. Kumlisha mwuaji ni huruma. Kumkabidhi kibaba awapimie wenziwe ni kuwaonea wanyonge kwa mara ya pili. Naye akiisha kula, apelekwe mbele ya hakimu. Kazi hiyo ilifanywa na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa 2015. Kwa hiyo baba wa familia atoapo mchango parokiani, na aulize bila haya nani atagawa. Kuuliza hivyo si upungufu wa imani.

Wakubwa wale walishika pia masikio ya watu, wakivumisha kwamba arudiye kwao atauawa. Shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, lililoanzishwa na Padre Pedro Arrupe mwaka 1980 kwa kuwahurumia Wavietnamu waliokimbia kwa mashua, lilikusudia tangu mwanzo kukaa pamoja na wakimbizi, si kuwagawia vitu tu. Mwaka 1995 lilianzisha huko Ngara Radio Kwizera, jina lenye maana ya kutumaini. Mwaka mmoja kabla, redio nyingine ilikuwa imewachochea Wanyarwanda kuwaua jirani zao. Sasa mkimbizi aliyeketi chini ya turubai lake aliweza kusikia sauti isiyokuwa ya mkubwa wake.