SOMO LA MADEREVA NA MAFUNDI: FILTA YA HEWA KWENYE GARI LA KUVUTA



Somo la toleo hili linawahusu hasa wenzetu wanaoendesha matrekta ya kuvuta matela ya miwa na ya majani ya chai, malori yenye matela, na magari ya bredauni. Pamoja nao mafundi wa gereji na vijana wa stoo. Lakini hata mkata miwa asiuruke ukurasa huu, kwani trekta ikifa shambani, miwa aliyoikata kwa jasho hulala pale pale ikikauka.

Jambo lenyewe ni hili. Filta ya hewa iliyokuja na gari ikichoka, njia za kuibadilisha ni nyingi. Iko ile ya kiwanda kilichotengeneza gari, ambayo bei yake ni kubwa. Ziko za karatasi za makampuni mengine, nyingine nzuri na nyingine feki kabisa. Na iko ya kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, ambayo muuzaji huapa kwamba utaiosha na kuirudisha miaka na miaka, gari lipate nguvu na dizeli ipungue. Meneja wa usafirishaji hutazama bei. Muuzaji hutazama kamisheni yake. Dereva haulizwi neno. Ila injini ikifa, dereva ndiye wa kwanza kuulizwa. Kwa sababu hiyo jambo hili ni la chama, wala si la gereji peke yake.

Tuanze na pumzi ya injini. Kilo moja ya dizeli haiwezi kuungua yote pasipo kilo 14 na nusu za hewa, na injini ya dizeli kwa kawaida huvuta zaidi ya hapo. Ukihesabu kwa hewa ya Kampala, mji ulio mita zipatazo 1,200 juu ya bahari na kwa hiyo hewa yake ni nyepesi, kila lita moja ya dizeli hupita pamoja na zaidi ya lita 10,000 za hewa. Tuseme trekta imekunywa lita 50 katika zamu moja: hewa iliyopita kwenye filta ni zaidi ya lita nusu milioni. Hewa yote hiyo imetoka wapi? Imetoka pale pale gari linapopita, kwenye barabara ya udongo mwekundu.

Hapo ndipo gari la kuvuta linapoachana na gari la kawaida. Tela likijaa, injini hunywa dizeli zaidi, na kila lita ya ziada huja na hewa yake na vumbi lake. Tena gari lenye mzigo huenda polepole, upepo ukivuma kutoka nyuma vumbi lake mwenyewe hulifikia, na mara nyingi hufuatana na wenzake kwenda kiwandani, kila mmoja akila vumbi la aliyemtangulia. Anayejua njia za mashamba ya Kakira, Lugazi au Kinyara wakati wa kiangazi hahitaji maelezo zaidi. Ongeza makapi ya miwa, na masizi pale shamba linapoungua.

Vumbi hili si unga laini. Ndani yake mna chembe za silika, yaani mchanga mdogo sana, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe zinazoharibu injini zaidi ni zile za maikroni 5 mpaka 20, ambazo jicho halizioni. Zikipita filta, hushikamana na oili, zikaingia kati ya ringi na silinda, zikasaga kama msasa. Kwenye injini yenye tabo huanza kwa kula ncha za mapanga ya tabo yenyewe. Dereva huona dalili zikiwa zimechelewa: gari linakula oili, moshi unatoka kwenye mdomo wa kutilia oili, asubuhi haliwaki upesi, na kilima alichokuwa akikipanda kwa gia ya tatu sasa anakipanda kwa ya pili.

Sasa tuzitazame filta zenyewe. Wazee wanaikumbuka ile ya bakuli la oili, iliyokuwa kwenye Land Rover za zamani na kwenye matrekta kama Massey Ferguson 135. Hewa hupigwa juu ya oili, vumbi likazama. Uzuri wake ni kwamba haikuhitaji spea. Katika miaka ya uhaba baada ya 1972, vipuri vilipoadimika Uganda, aliyekuwa na bakuli la oili alikuwa na bahati, maana alihitaji oili na kitambaa tu. Ubaya wake ni kwamba huruhusu vumbi kupita kuliko karatasi, hasa injini inaponguruma polepole.

Karatasi ilishinda kwa sababu hiyo. Filta nzuri ya karatasi hushika zaidi ya sehemu 99 katika kila 100 za vumbi, na tena, jambo ambalo wengi hulishangaa, hushika vizuri zaidi ikishachafuka kidogo, kwani vumbi la kwanza huziba matundu makubwa. Ndiyo maana kuitoa kila jioni na kuipigapiga ni hasara.

Ya kitambaa cha pamba ilipata jina kupitia kampuni ya K&N ya California, iliyoanzishwa mwaka 1969, kwanza kwa wapenda pikipiki na magari ya mashindano. Wao walitafuta hewa nyingi ipite kwa wepesi. Dereva wa mashindano hufungua injini mara kwa mara. Akipoteza ringi mapema kwa ajili ya kikombe, hana kinyongo. Sisi hatushindanii kikombe.

Yafaa tuhesabu hapa, maana wauzaji hupenda kutaja hesabu ya vumbi linaloshikwa, wasitaje ya vumbi linalopita. Chukua filta mbili kwa mfano. Moja inashika sehemu 99 na nusu katika 100, nyingine inashika 97. Sikio hudhani hizo ni jirani. Lakini zikiletewa gramu 1,000 za vumbi, ya kwanza inapitisha gramu 5, ya pili inapitisha gramu 30. Ni mara sita. Kwenye gari linalokwenda kwa lami kutoka Kampala hadi Jinja huenda tofauti hiyo isionekane kwa miaka. Kwenye trekta ya miwa itaonekana.

Je, madai ya nguvu na ya dizeli? Injini ya dizeli hupata nguvu kwa dizeli inayochomwa. Kama hewa ilikuwa inatosha tangu mwanzo, kuongeza hewa tupu hakuvuti tela. Filta iliyoziba kweli huleta moshi mweusi na kupoteza dizeli, hasa kwenye injini za pampu ya zamani, lakini dawa yake ni filta safi, ya karatasi au ya nyingine. Kwa magari ya petroli ya kisasa, maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilitangaza mwaka 2009 kwamba hata filta ilipozibwa, ulaji wa petroli haukubadilika kiasi cha kusumbua. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuchapuka. Basi kama filta chafu haikula petroli, filta ya kitambaa itaokoa petroli ipi?

Hata hivyo tuwe waadilifu. Filta ya pamba si wizi. Kwa mtu mwenye gari moja, anayekwenda kwenye lami, aliye mbali na duka la spea na anayefuata maagizo, yaweza kumpunguzia gharama. Taabu yake iko kwenye kuitunza. Huoshwa kwa dawa yake, hukaushwa kivulini kwa saa nyingi bila kupigwa upepo wa kompresa, ndipo hupakwa mafuta yake yenyewe, si oili ya injini. Mafuta yakipungua, vumbi linapita. Yakizidi, huenda kuchafua kile kiwaya cha kupima hewa kwenye pikapu za siku hizi, na gari likaanza kukohoa. Gereji yenye matrekta 40 na fundi wawili itapata wapi saa hizo? Matokeo yake filta hurudishwa ikiwa mbichi, au haioshwi kabisa. Kwa gari la kuvuta tela kwenye vumbi, sisi tunasema ikataeni kwa hoja.

Filta ya karatasi ya kampuni nyingine ni habari tofauti, na msiwe na chuki nayo. Viwanda vingi vya magari havitengenezi filta. Hununua kwa makampuni ya filta na kuzipiga mhuri wao. Donaldson, kwa mfano, ilianza Minnesota mwaka 1915 kwa kutengeneza filta ya trekta. Filta ya kampuni ya namna hiyo, ikiwa ndiyo namba yake, haina upungufu kwa kuwa imekosa jina la gari.

Tatizo ni feki. Ukienda Kiseka, soko la spea katikati ya Kampala, utakuta boksi mbili zinazofanana kama mapacha na bei zinazopishana mno. Usisome boksi, tazama filta. Bonyeza mpira wa kuziba pembeni: uwe laini na urudi, usiwe mgumu kama plastiki wala usiwe na mapengo. Mpira ndio unaoua injini nyingi zaidi kuliko karatasi, kwa sababu hewa hupita palipo rahisi, na ufa mwembamba kama kucha huiacha karatasi nzuri ikiwa pambo. Tazama mikunjo: iwe sawasawa na mingi, isibebane. Ingiza tochi ndani gizani: nukta ya mwanga mkali ni tundu. Ipime na ya zamani kwa kimo na upana. Ikilazimika kushindiliwa au ikicheza, irudishe.

Ikishafungwa, kazi ya dereva ni ndogo lakini ni ya kila siku. Minya ule mdomo wa mpira ulio chini ya nyumba ya filta, vumbi lidondoke. Tazama kijidirisha cha kuonyesha mvuto wa hewa. Kikiwa chekundu, ndipo filta itolewe, si kabla. Ukitoa filta, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba linalokwenda kwenye injini. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja, na trekta isitoke mpaka papatikane. Filta ndogo ya ndani, ile ya akiba, haipulizwi wala haioshwi, hubadilishwa tu. Wala msiwaruhusu watu kujaza sponji ya godoro kwenye nyumba ya filta eti mpaka spea zije.

Kuhusu kupuliza kwa kompresa. Watengenezaji wengi hawashauri kabisa. Palipo lazima, presha isizidi 30, na upepo utoke ndani kwenda nje, bunduki isigusane na karatasi. Lakini kuna la kuudhi zaidi. Yule kijana anayepuliza filta kumi asubuhi akiwa amejifunga leso puani anavuta vumbi lile lile tunalolikataza kwenye injini. Silika ikikaa katika mapafu haitoki, na makovu yake hayaponi. Injini ina filta ya bei kubwa na kijana ana leso! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Barakoa za vumbi za kweli ziandikwe kwenye orodha ya stoo pamoja na filta.

Mwisho ni karatasi ya namna nyingine, yaani daftari. Tuseme injini imekufa, fundi mkuu ameandika kwamba imekula vumbi, na dereva ameitwa ofisini. Swali litakuwa: ni uzembe wa nani? Dereva mwenye daftari la gari atafungua na kuonyesha: tarehe fulani niliandika kijidirisha ni chekundu, tarehe fulani niliomba filta, stoo ikasema hakuna, tarehe fulani ilifungwa filta ya namna hii, na saini ya aliyeifunga hii hapa. Asiye na daftari atabaki na mdomo wake. Kwa hiyo andikeni aina ya filta, namba yake, saa za injini na jina la aliyeifunga, na ombi la spea lifanywe kwa maandishi, nakala ibaki kwenu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mwajiri anayefikiria kumfukuza mtu kwa kosa la kazi lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anaielewa, amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine amchaguaye. Mchagueni katibu wa tawi. Na ukiletewa karatasi ya kukubali kukatwa mshahara kulipia injini, usitie saini siku hiyo. Sheria imetaja makato yanayoruhusiwa. Ileteni karatasi tawini isomwe kwanza.

Maswali ya kuzungumzwa katika mkutano wa tawi:

Ni nani katika gereji yenu anayeamua filta ipi inunuliwe, na je, dereva na fundi huulizwa kabla ya kununua?

Daftari za magari ziko wapi sasa, na dereva anaruhusiwa kuandika ndani yake?

Wapulizaji wa filta ni wangapi, na kati yao ni wangapi wenye barakoa?