Usikimbilie Rangi, Angalia Raba

Mdogo wangu wa Isaka, mrithi wa Datsun 160J ya marehemu baba, unataka nikuchagulie rangi, na rimu umeshaziona. Lakini umegusia kidogo tu, tena mwishoni, kwamba ukirudi kutoka vijijini buti limejaa vumbi na wanaokaa kiti cha nyuma wanaumwa kichwa. Hapo ndipo mimi nilipoacha kufikiria rangi.

Gari likiwa mwendoni, nyuma yake msukumo wa hewa hupungua, na upenyo wowote kwenye buti hugeuka mdomo wa kunyonya. Linanyonya vumbi, linanyonya na moshi wa ekzosi. Wenye Datsun 240Z, ndugu wa gari lako, ile ambayo Shekhar Mehta alishindia Safari Rally mwaka 1973, wanalijua tatizo hilo hadi leo: raba ya mlango wa nyuma ikichoka, moshi unahamia ndani. Na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua. Kwa hiyo anza na raba ya buti, na bomba la ekzosi likaguliwe siku hiyohiyo. Mpaka hapo watoto wasipande, hata kama ni kwenda kanisani tu.

Kisha milango. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, ukivute. Kikitoka bila ubishi, raba ya sehemu hiyo imekufa. Zunguka mlango mzima hivyo.

Dukani usiende mikono mitupu. Kata kipande cha raba ya zamani, urefu wa kidole, uende nacho Kahama. Ukikosa, kitume kwa basi Dar, mtu akakutafutie Gerezani. Muuzaji aone umbo lake upande uliokatwa: upana wa mdomo unaouma bati, unene wa ule mrija wenye hewa. Ikizidi unene, mlango haufungi na kila abiria ataubamiza. Ulizia raba ya aina ya EPDM, maana inastahimili jua. Ya mtumba iache, imeshajikunja kwa umbo la gari la watu.

Sasa, ukivua raba ya zamani utakuta kutu, jiandae. Maji hukaa kwenye mfereji wa raba tangu mvua za Novemba. Hapo ndipo rangi inapopata zamu yake: msasa, dawa ya kutu, rangi, ikauke vizuri, halafu raba mpya. Ukipaka rangi kwanza juu ya raba zilizochoka, utalipa mara mbili. Na mwambie fundi bodi asizibe kwa puti vile vitundu vya chini ya mlango. Ni njia ya maji kutokea; vizibue kwa waya.

Wakati wa kufunga, raba isivutwe. Ikivutwa inakaa vizuri leo, kesho inajirudi na kuacha pengo kwenye kona. Isukumwe kwa kiganja, kiungo kiwe chini katikati, na ikatwe ikiwa imezidi kidogo ili ncha zibanane. Kulainisha ni kwa maji ya sabuni. Jamani, grisi na dizeli hapana! Mafundi wanazipenda kwa sababu raba inang'aa, lakini zinaivimbisha na kuilegeza.

Raba ya kioo cha mbele usijaribu kuifunga peke yako. Fundi anayejua atazungusha kamba ya nailoni ndani ya mfereji wa raba, ncha mbili zikutane chini katikati. Mmoja anakandamiza kioo kwa nje, mwingine yuko ndani anavuta kamba taratibu, na mdomo wa raba unapanda juu ya bati kidogo kidogo. Ukimwona ameshika bisibisi anachokonoa, msimamishe. Kioo cha gari hilo hukipati kirahisi.

Wiki za mwanzo milango itakuwa migumu. Usikubali fundi alegeze kitasa haraka. Iache imefungwa usiku, raba itakaa. Halafu mwagia maji, mtu akae ndani na tochi akikagua kona. Pakiwa pakavu na vichwa vimeacha kuuma, niandikie tena tuzungumzie rimu.