Harufu ya Ndizi Bila Ndizi

Leo nataka tusome kemia kidogo kwa Kiswahili, kwa maana somo hili lilianzia jikoni kwetu, mtaani Jericho.

Mwaka jana mama alinunua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Muuzaji aliipima kutoka mtungini akaitia katika chupa kuukuu ya soda. Ilikuwa ya manjano na ilinukia ndizi mbivu kabisa. Ndugu yangu wa miaka minne aliiona mezani, akapiga mafunda mawili. Sisi tulisikia kikohozi tu. Kuja kuangalia, povu linamtoka mdomoni!

Je, harufu ile hutoka wapi? Mara nyingi huwa ni kemikali iitwayo isoamili asetati, ambayo ni mojawapo ya esta. Walio kidato cha nne wanazijua. Sisi wa tatu tunazingojea. Esta hupatikana alkoholi inapoungana na asidi. Chukua alkoholi ya isoamili na asidi ya asetiki, ile ile inayofanya siki iwe kali. Zikipashwa moto pamoja na asidi kidogo ya salfuriki ya kuharakisha kazi, unapata esta na maji. Fomula ya esta hiyo ni C7H14O2. Yaani wazazi wawili wanaokera pua wanazaa mtoto anayenukia!

Ajabu ni kwamba ndizi yenyewe hutengeneza kemikali hii inapoiva. Iwe imetoka shambani Kisii au kiwandani, molekuli ni ile ile. Hata nyuki wanayo. Mwaka 1962 watafiti walitangaza kwamba nyuki anapouma huitoa ili kuwaita wenzake vitani. Basi harufu ni moja, lakini kwetu ni utamu na kwa nyuki ni vita. Pua peke yake haiwezi kukuambia kilichomo chupani.

Turudi jikoni. Jirani mmoja alitaka mtoto apewe maji ya chumvi atapike. Bahati nzuri tulikimbilia kliniki kwanza. Muuguzi alitueleza kwamba mtu aliyekunywa sabuni asilazimishwe kutapika, kwa kuwa povu laweza kuingia mapafuni. Asafishwe mdomo, apelekwe kwa daktari haraka, na chupa ibebwe ili ijulikane alichokunywa. Namshukuru Mungu, ndugu yangu alipona na sasa anasumbua kama kawaida.

Wenzangu, tukirudi nyumbani leo tuangalie chini ya meza. Sabuni na mafuta ya taa zisikae katika chupa za soda. Tuziandike majina na kuziweka juu, mtoto asikofika. Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami naongeza: vyote vinukiavyo ndizi si ndizi.