Dondoo muhimu: Siku nne juu ya Elgon

Mtu wa Petta au Busia, mashariki mwa Uganda, anayetaka kulala kwenye Mlima Elgon huanzia Mbale, kwenye ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA). Huko hulipia kibali na kupangiwa askari wa hifadhi, kwani kupanda peke yako hakuruhusiwi. Hema nalo halisimikwi popote. Kuna kambi zilizotengwa.

Njia ya Sasa, kutoka Budadiri, huchukua takriban siku nne. Siku ya kwanza ndiyo katili: zaidi ya mita 1,500 za kupanda, pamoja na ngazi kwenye majabali ya Mudangi. Begi likikuelemea hapo, mpagazi si anasa.

Kambi ya Mude iko karibu mita 3,500. Usiku baridi huko huuma kweli, kwa hiyo nguo kavu za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Kichwa kikigonga na chakula kikikataa, shuka. Kilele cha Wagagai, mita 4,321, hakihami.

Desemba hadi Machi njia huwa kavu zaidi. Anayetaka kutokea upande wa Kenya azungumze mapema na UWA na Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS), pasipoti mkononi.