Mtu Huyo Ni Wewe



Somo: 2 Samweli 12:1-13

Waingereza wakiguswa na jambo husema limepiga karibu na nyumbani. Sisi tunasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nabii Nathani alimsimulia Mfalme Daudi habari ya tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira: huyo anastahili kufa! Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye, aliyemchukua mke wa Uria na kupanga Uria auawe vitani.

Tuliosoma mantiki tunaona kilichotokea. Kanuni Daudi aliikubali mara moja: mwenye nguvu anayemdhulumu mnyonge ana hatia. Alichokosa ni sentensi ya pili, yenye jina lake.

Tuje kwetu. Mimi ni wa Bukene, Nzega. Ukipanda treni kuelekea kusini unafika Tabora, kitovu cha misafara ya karne ya 19 ya pembe za ndovu na watumwa. Tukienda Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, tunawalaani wafanyabiashara waliotoka pwani, na roho zetu zinatulia. Lakini historia nayo ina sentensi ya pili: wapo pia Wanyamwezi waliofanya biashara hiyo, na waliomiliki watumwa wa kuwalimia mashamba. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Siyo mbali. Ni enzi za wazazi wa babu na bibi zetu.

Na leo? Tuna sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Tukiisikia tunawaza mipakani na viwanja vya ndege. Hebu waza jikoni kwenu. Kuna binti aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya shule au cherehani. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Mshahara "anatunziwa". Jumapili tunakwenda Misa, yeye anabaki na watoto. Na tunamwita dada.

Siyo kila nyumba iko hivyo, na kazi ya ndani ni kazi ya heshima. Lakini wiki hii jiulize:

1. Ninalijua jina lake kamili, na kwao ni wapi?
2. Mshahara unafika mkononi mwake, na kwa wakati?
3. Anapumzika siku gani? Anasali lini?

Utasema, "Nyumba siyo yangu." Kweli. Hata jumba la mfalme halikuwa la Nathani. Alikuwa na ukweli, na busara ya kuusema. Anza kwa kuosha vyombo vyako mwenyewe, kisha zungumza na mama kwa upole. Ukiona kipigo au unyanyasaji, usinyamaze: nenda kwa paroko, au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi.

Daudi hakubisha. Alikiri, na Mungu akamsamehe. Mlango huo uko wazi hata kwetu.

Tusali: Bwana, nifumbue macho nimwone aliye karibu nami. Amina.