Kuzunguka Uganda na Rwanda kwa Basi: Ratiba ya Wiki Mbili Milimani

Kusini-magharibi mwa Uganda na kaskazini-magharibi mwa Rwanda ni eneo moja la milima lililokatwa na mpaka katikati. Safu ya Virunga, yenye volkano nane, imesimama pale Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinapokutana, na kilele kimojawapo cha Mlima Sabyinyo ndicho alama ya mpaka wa nchi zote tatu. Msafiri mwenye begi la mgongoni, anayetegemea mabasi, magari ya kujaza abiria na bodaboda, anaweza kulizunguka eneo hili kwa wiki mbili akianzia Bukoba. Anaingia Uganda kwa Mutukula, anavuka kwenda Rwanda kwa Cyanika na kurudi Tanzania kwa Rusumo. Uzuri wa mzunguko huu ni kwamba hakuna barabara inayopitiwa mara mbili. Anayetoka Kenya huingilia Busia au Malaba, hupita Kampala, kisha huikuta njia hiyo hiyo Masaka.

Ratiba nyingi za eneo hili huvunjika kwa sababu zimepangwa kwa kilomita. Kutoka Bukoba hadi Kabale ni kama kilomita 460, umbali ambao basi la Dar es Salaam hadi Dodoma huumaliza kwa siku moja na abiria wakafika wakiwa na nguvu ya kutafuta chakula. Njia ya Kabale haiko hivyo. Kuna takriban kilomita 80 hadi Mutukula, 90 hadi Masaka, 150 hadi Mbarara na 140 za mwisho hadi Kabale, na kila kipande huwa na gari lake, stendi yake na kusubiri kwake. Gari dogo la abiria haliondoki mpaka lijae. Siku ya soko linajaa kwa dakika kumi, siku nyingine dereva huzunguka mji mzima akiokota watu. Foleni ya uhamiaji nayo haina ratiba. Kwa hiyo siku ya kwanza iishie Mbarara, mji wenye nyumba za wageni za kila bei, na Kabale ibaki kwa kesho yake.

Kanuni inayoiokoa ratiba ni kwamba siku ya kusafiri isiwe siku ya kupanda mlima. Anayefika Kisoro, mji ulio chini ya volkano hizo, saa kumi jioni kwa matumaini ya kuamka alfajiri na kuukabili Mlima Muhabura atakuwa na miguu iliyobanwa kwenye kiti kutwa nzima, chakula kidogo tumboni na nguo ambazo hazijakauka. Usiku mmoja wa ziada hugharimu kitanda na sahani mbili za chakula. Kukikosa kilele kwa uchovu hugharimu kibali kizima cha kupanda.

Kabla ya njia yenyewe, ni vizuri kuangalia kalenda. Miezi mikavu ni Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, nyingine hurudi Septemba hadi Novemba, na katika nchi zenye miteremko mikali namna hii mvua huangusha udongo barabarani. Mwanzoni mwa Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa Rwanda yaliua watu zaidi ya 130, katika maeneo yale yale ambayo ratiba hii inapita. Anayelazimika kusafiri Aprili au Mei aongeze siku za akiba na asiruhusu dereva yeyote amshawishi kusafiri usiku mvua ikinyesha.

Kalenda ya Rwanda ina mambo mengine mawili. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi wote. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa na magari ya abiria husimama, hivyo anayetarajia kutoka mji wa Musanze asubuhi hiyo atakaa kibarazani hadi karibu na adhuhuri. Kisha kuna wiki inayoanza tarehe 7 Aprili, ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Muziki na burudani husitishwa, na mgeni anapaswa kuwa na staha ile ile ya mtu aliyeingia nyumba yenye msiba.

Kuhusu hati, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania abebe pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kikae ndani ya pasipoti yenyewe, maana afisa wa afya hukiuliza kabla ya mtu kufika dirisha la uhamiaji. Ndugu wa ughaibuni wenye pasipoti za kigeni wana viza ya pamoja ya utalii inayozihusu Kenya, Uganda na Rwanda kwa dola 100 na siku 90, Tanzania haimo. Tena, kila mpango uwe na mpaka wa pili wa kukimbilia. Gatuna, njia kuu ya Kampala na Kigali, ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022. Burundi nayo ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo mzunguko wa kupitia Bujumbura, ambao kwenye ramani unapendeza sana, usiwe ndio tegemeo.

Kutoka Mbarara barabara hupanda taratibu, migomba ikizidi kila kona, mpaka Kabale iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo baridi ya jioni huanza kudai sweta. Ziwa Bunyonyi liko mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini, na linastahili usiku mbili. Lina visiwa 29 na halina mamba wala kiboko, jambo linalofanya kuogelea na kupiga kasia kuwe raha isiyo na wasiwasi. Mtumbwi wa gogo una tabia ya kuzunguka papo hapo mikononi mwa mgeni, na watoto wa visiwani huenda nao shule bila kufikiri. Siku ya Bunyonyi ni ya kuzoesha mapafu, kufua na kulala mapema.

Barabara ya Kabale hadi Kisoro ina takriban kilomita 80 tu, lakini ni kipande kizuri kuliko vyote vya safari hii na kisipitwe gizani. Inapanda msitu wa Echuya, mara nyingi ndani ya ukungu, halafu kwenye upenyo wa Kanaba milima hufunguka ghafla: Muhabura, Gahinga na Sabyinyo zimejipanga, na chini yake mashamba yamekatwa matuta hadi ukingoni mwa hifadhi. Msafiri akae dirishani upande wa kushoto, aondoke Kabale mapema kabla mawingu hayajashuka.

Kisoro ndiyo kitovu cha ratiba na ipewe siku nne kamili. Anayetaka kuwaona sokwe wa milimani ajue kwanza kwamba kibali chake hutaja sehemu ya hifadhi. Hifadhi ya Bwindi ina malango manne ya kuanzia, yaani Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na ni Rushaga na Nkuringo tu yaliyo karibu na Kisoro. Mwenye kibali cha Buhoma aliyelala Kisoro hawezi kufika kwa wakati wa kuripoti asubuhi, na kibali hicho hakisubiri. Kila familia ya sokwe hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja, na mwenye mafua hurudishwa, kwa sababu ugonjwa wa binadamu unaweza kuangamiza familia nzima. Sensa zilizotangazwa 2018 na 2019 zilikadiria kuwa wamebaki 1,063 tu duniani, wote katika Virunga na Bwindi. Mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 800 Uganda tangu Julai 2024, na Rwanda ni 1,500 tangu 2017. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo sana kikilinganishwa na hicho, na inasikitisha kwamba wengi wetu hatujawahi hata kuuliza. Vibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, na vya Juni hadi Agosti huisha miezi kadhaa kabla.

Asiye na kibali cha sokwe hajapoteza kitu Kisoro. Muhabura, mita 4,127, hupandwa na kushukwa kwa siku moja, mwendo wa kama saa nane, pamoja na mwongozaji na askari wa wanyamapori. Sabyinyo ina ngazi za mbao zilizofungwa kwenye majabali, na anayefika kilele cha tatu husimama kwenye nchi tatu kwa hatua moja. Hali ya hewa ya juu ihesabiwe kabla ya kufunga begi. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Kisoro, kwenye mita 1,900 hivi, ikiwa na nyuzi 20, kilele cha Muhabura huwa na kama nyuzi 7, na hapo upepo haujahesabiwa wala jasho lililolowesha fulana. Fulana ya pamba hukaa na maji mwilini na kumtetemesha mtu. Nguo ya sufu au ya nailoni ikivaliwa ndani, sweta juu yake na koti la mvua nje, inatosha. Buti ziwe zimezoeleka, glavu ziwepo za kushikia miiba na ngazi, na maji yasipungue lita mbili. Anayeumwa kichwa na kutapika juu ya mita 3,500 ashuke mara moja. Dawa ya maumivu huficha dalili tu. Mpagazi wa kijijini aajiriwe hata na mwenye nguvu, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya moja kwa moja ya fedha ya mlima kufika kwa wanaoishi chini yake.

Siku ya nne ya Kisoro ni ya akiba. Mvua ikiharibu siku ya mlima, ipo. Isipoharibu, kuna Ziwa Mutanda na kupumzisha magoti.

Cyanika iko karibu tu na Kisoro, na ng'ambo yake mambo hubadilika kwa hatua chache. Saa hurudi nyuma: saa nne ya Uganda ni saa tatu ya Rwanda. Magari huendeshwa upande wa kulia, hivyo kabla ya kuvuka barabara mtu aangalie kushoto kwanza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, kwa hiyo kaveera, yaani mifuko hiyo, za Kisoro zibaki Kisoro na nguo zipangwe kwenye mifuko ya kitambaa. Pikipiki hubeba abiria mmoja, naye huvaa kofia ngumu. Fedha zibadilishwe kidogo mpakani, za nauli na chakula cha siku, zilizobaki zibadilishwe mjini. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini vijijini hakisikiki sana. Katika mji wa Rubavu, kwa ujirani wake na Goma ya Kongo, kinazungumzwa kwa wingi.

Musanze ni mwendo mfupi kutoka mpakani. Kutoka hapa hupandwa Bisoke, mita 3,711, yenye ziwa kileleni, kwa siku moja, na Karisimbi, mita 4,507, kwa siku mbili. Mwenye wiki mbili tu asijaribu Karisimbi baada ya Muhabura. Mwenye siku pungufu ya hizo aifute hata Bisoke, kwa kuwa volkano moja iliyopandwa vizuri inatosha, halafu siku hiyo aiweke Ziwa Kivu.

Rubavu ndipo Kivu inapoanza. Goma iko ng'ambo ya barabara, lakini tangu ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, mji huo na volkano ya Nyiragongo havimo katika ratiba yoyote ya busara. Barabara ya kusini hadi Karongi hufuata ziwa kwa mikunjo isiyokwisha. Mwenye kutapika garini akae mbele. Wapenda miguu wana njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambayo kwa miguu huchukua kama siku kumi na inahitaji safari yake peke yake. Kwenye wiki mbili, usiku mmoja Rubavu na mmoja Karongi unatosha.

Kutoka Karongi basi huingia Kigali kwa kupitia Muhanga. Mabasi ya Rwanda huuza tiketi za saa maalumu na huondoka kwa saa hiyo, na aliyezoea kusubiri gari lijae huachwa. Siku ya Kigali ipewe makumbusho ya Gisozi, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Yasibanwe kati ya soko na chakula cha mchana. Nusu siku nzima iwe yao, na baada yake pasipangwe kitu.

Siku ya mwisho ni Kigali hadi Rusumo, kama kilomita 160. Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka stendi ya Nyabugogo hufika mpakani karibu saa tatu ya Rwanda, ambayo Tanzania ni saa nne. Saa hiyo inayopotea ndiyo humfanya aliyeondoka Kigali mchana akute magari ya mbali yameshakwenda. Faranga zimalizwe kabla ya daraja la Kagera. Upande wa pili magari huenda hadi Benako, na kutoka hapo kuna njia ya Ngara, ya Kahama na Mwanza, na ya Biharamulo kwa anayerudi Bukoba. Huyu wa mwisho alale Ngara na kuondoka alfajiri.