Ugonjwa wa Mpox: Fundisho kwa Walimu na Wazee wa Sharika

Mwezi huu twaandika habari za ugonjwa ambao wengi huona haya kuutaja, nao ni mpox, uitwao pia homa ya nyani. Wako wasemao kwamba mambo ya namna hii hayafai katika gazeti la Kanisa. Sisi twaona yanafaa, maana mtu akifichwa jina la ugonjwa, atauchukua mwilini asijue auendee nani.

Ugonjwa huu ni ndugu yake ndui, ile waliyoiogopa babu zetu, iliyotangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 1980. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa na mpox alikuwa mtoto mchanga katika nchi ya Kongo, mwaka 1970. Zamani uliwapata hasa watu waliogusa wanyama wa mwituni. Lakini mwaka 2023, huko Kamituga katika Kivu ya Kusini, penye machimbo ya dhahabu, ulionekana ukienea kwa njia ya kulala pamoja mwanamume na mwanamke. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari kwa mataifa yote. Tangazo hilo liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025, lakini ugonjwa wenyewe haukuondoka. Hapa Tanzania wagonjwa wawili wa kwanza walitangazwa Machi 2025, na mmoja wao alikuwa dereva wa lori. Nasi twajua ya kuwa malori ya kwenda Zambia na Kongo hupita Makambako na kulala pale, na vijana wetu wa Ipelele huenda huko kutafuta riziki.

Basi dalili zake ni hizi. Tangu kuambukizwa zaweza kupita siku chache, au hata siku 21. Ndipo huja homa, kichwa kuuma, mgongo na viungo kuuma, tena mitoki huvimba kinenani, kwapani au shingoni. Vipele hutokea usoni, viganjani na hata nyayoni. Huanza kama madoa, huinuka, hujaa maji, kisha usaha, na mwisho hufanya vigaga. Lakini aliyeupata kwa kulala na mtu, mara nyingi vipele vyake huanza penye tupu, au penye haja kubwa, au kinywani. Pengine ni vichache tu, tena hutangulia homa. Huyo hudhani ana kaswende, hununua dawa dukani kwa siri, na nyumbani hasemi neno. Macho peke yake hayatoshi kuupambanua na kaswende au tetekuwanga; sharti maji ya kipele yapimwe.

Wengi hupona kwa majuma mawili mpaka manne. Ila ni hatari kwa watoto wadogo, na kwa mama mwenye mimba, aweza kumpoteza mtoto. Ni hatari hasa kwa mwenye VVU asiyetumia dawa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 mkoa wetu wa Njombe ulionekana kuwa na watu wazima wenye VVU yapata 13 katika kila 100. Neno hili tulitie moyoni.

Tena mzee wa Kanisa asihukumu kwa kuona vipele. Ugonjwa huingia kwa kugusana ngozi na kwa nguo za kulalia, na katika baridi yetu watoto watatu hulala chini ya blanketi moja. Kwa sababu hiyo mpira wa kiume hupunguza hatari, lakini hauiondoi yote. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 13, kuhani aliangalia ngozi na kumtenga mgonjwa kwa siku, kisha akamwangalia tena; hakuanza kwa kumwuliza alikolala.

Mwenye dalili na aende zahanati upesi, au apige simu namba 199 bila malipo. Asipasue vipele, alale peke yake, nguo zake zifuliwe kwa sabuni, na chakula apelekewe. Akae hivyo mpaka vigaga vyote vianguke na ngozi mpya itokee. Na kwa majuma 12 baada ya hapo wenye ndoa watumie mpira. Siku hizo asije kwenye Meza ya Bwana. Mchungaji amwendee, aombe naye akisimama mbali kidogo. Wala jina lake lisisomwe pamoja na majina ya waliotengwa kwa marudi ya Kanisa.